Maji Yanayovuja Punjab Yanakwenda Wapi

Machi 2016 wakulima wa jimbo la Punjab nchini India walileta matingatinga na kuanza kufukia mfereji ambao haujapata kupitisha maji hata siku moja. Mfereji huo, Sutlej-Yamuna Link, ulipangwa kuwa na urefu wa kilomita 214: kilomita 122 ndani ya Punjab na 92 katika jimbo jirani la Haryana. Haryana ilishamaliza upande wake zamani. Punjab ilichimba sehemu kubwa ya wake, kisha Julai 1990 wahandisi wawili wakuu wa mradi wakapigwa risasi na kuuawa ofisini kwao Chandigarh, na kazi ikasimama. Mwaka 2016 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuwarudishia wenye mashamba ardhi yao bila malipo, na kabla Mahakama ya Juu haijaingilia, vipande kadhaa vilikuwa vimeshasawazishwa.

Anayesikia habari hizi akiwa mbali atadhani mkulima wa Punjab anaishi kwa maji ya mfereji. Babu yake aliishi hivyo. Yeye, kwa miongo kadhaa sasa, anategemea pampu: katika kila hekta kumi zinazomwagiliwa, saba hivi hunyweshwa kwa visima virefu. Mifereji ndiyo inayopigiwa kura, inayoandamaniwa na kupelekwa mahakamani. Visima ndivyo vinavyolima. Umbali uliopo kati ya maji yanayogombewa na maji yanayotumika ndio unaonifanya niamini kuwa mjadala wa mifereji ya Punjab, wa wanasiasa na hata wa wahandisi, bado unaendeshwa kwa hesabu za mwaka 1900.

Kuchepusha mito katika tambarare hizi hakukuanza na Waingereza. Firuz Shah Tughlaq, sultani wa Delhi wa karne ya 14, alivuta maji ya Yamuna hadi Hisar. Katika miaka ya 1630, enzi ya Shah Jahan, mto Ravi ulichepushwa kulisha bustani za Lahore. Ukoloni ulileta ukubwa, na ukaleta rejista. Punjab ilitekwa mwaka 1849, na maelfu ya askari wa dola ya Masingasinga wakabaki bila kazi, watu ambao serikali mpya haikupenda kuwaona wakikaa bure. Upper Bari Doab Canal, uliofunguliwa mwaka 1859 kutoka kwenye banio la Madhopur mtoni Ravi, ulikuwa kwa sehemu fulani jawabu la hofu hiyo. Sirhind Canal ulifuata mwaka 1882, ukichota mto Sutlej pale Ropar. Kati ya miaka hiyo ikapita Sheria ya Mifereji ya 1873, iliyoipa serikali mamlaka ya kutumia na kutawala maji ya mito kwa kile ilichokiita manufaa ya umma. Baadaye mifereji mikubwa zaidi ilichimbwa upande wa magharibi, ambako leo ni Pakistan, na familia kutoka Amritsar, Jalandhar na Ludhiana zikahamishiwa huko kulima nyika zilizogeuzwa mashamba.

Serikali iliyogawa maji iliweza pia kuyapandishia bei. Mwaka 1907 tozo ya maji ya Bari Doab ilipoongezwa, sambamba na muswada wa kubana haki za walowezi wa mifereji, wakulima waliandamana kiasi cha Waingereza kuwapeleka viongozi Lala Lajpat Rai na Ajit Singh uhamishoni Mandalay. Gavana Mkuu Minto aliukataa muswada huo. Mkulima wa Punjab alijifunza mapema kwamba mfereji ni mahali pa kukutana na serikali uso kwa uso, na kwamba serikali hurudi nyuma ikisukumwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani shule hii iliishia kule. William Willcocks, aliyesanifu bwawa la kwanza la Aswan lililokamilika mwaka 1902, alizaliwa India na kusomea uhandisi Roorkee, chuo kilichoanzishwa mwaka 1847 wakati wa ujenzi wa mfereji wa Ganges. Mkuu wake huko Misri, Colin Scott-Moncrieff, naye alitoka idara ya umwagiliaji ya India. Desturi ya kuutazama mto mzima kama hesabu moja inayofungwa na ofisi moja ilipanda Nile pamoja nao, na mkataba wa 1929 ulioibana Kenya, Uganda na Tanganyika kwa ajili ya maji ya Misri umeandikwa kwa mtazamo huohuo.

Sasa nia ya wasanifu. Hawakuichimba mifereji ili kila shamba lishibe. Walitaka kuzuia njaa mahali pengi iwezekanavyo, na kukusanya kodi mahali pengi iwezekanavyo, kwa hiyo walitandaza maji machache juu ya ardhi kubwa. Ni sufuria moja ya ubwabwa kwa msiba mzima: kila mtu anaonja, hakuna anayeongezwa. Kipimo kilichotumika sana katika bonde la Indus ni kama futi 3 za ujazo kwa sekunde kwa kila eka 1,000. Ukizigawa juu ya eka zote hizo unapata maji ya kina kisichofika milimita 2 kwa siku, na jua la Juni la Punjab hukausha mara kadhaa ya kiasi hicho. Wasanifu walijua. Walitarajia mkulima apande sehemu tu ya shamba kila msimu, ngano na dengu wakati wa baridi, pamba au mtama mahali pachache wakati wa joto, na nyingine ailaze.

Utaratibu wa kugawa uchache huo unaitwa warabandi, na unastahili kuelezwa taratibu, maana ni kazi ya akili nyingi. Kwenye ukingo wa mfereji mdogo kuna tundu linaloitwa mogha. Mogha haina lango wala mlinzi. Imejengwa kwa kipimo kinacholingana na eneo inaloliangalia, nayo hutoa fungu lake halali pale tu mfereji unapojaa hadi alama yake. Kwa sababu hiyo mfereji mdogo hujazwa kabisa au hufungwa kabisa. Nusunusu haifai, kwa kuwa ukiwa nusu, mogha za mbele hunywa na za nyuma hukauka. Mwisho wa kazi ya idara ya umwagiliaji ni kwenye mogha. Kutoka hapo maji huingia katika khal, mtaro wa wakulima wenyewe, na kinachogawiwa ni muda. Wiki ina saa 168. Saa hizo hugawanywa kwa eka, mwenye eka 10 akipata mara mbili ya mwenye eka 5, na zamu ya kila mmoja huandikwa: mathalani Jumanne kuanzia saa 8 usiku hadi saa 10 na dakika 20. Ukifika wakati wako unapasua ukingo wa khal kwa jembe, unaziba njia ya kwenda kwa mwingine, na mtaro mzima ni wako mpaka dakika yako iishe.

Zimezingatiwa hata dakika ambazo maji huzitumia kuujaza mtaro kabla hayajafika kwako: unaongezewa. Wa mwisho kwenye mtaro hupunguziwa, kwa kuwa atabaki na maji yaliyomo njiani wengine wote wakishafunga. Kila mwaka ratiba husogezwa saa 12 ili aliyekuwa anakesha apate zamu ya mchana. Na mfereji ukifungwa kwa matengenezo katika saa yako, imekula kwako, hakuna fidia. Hakuna mita popote. Mlinzi wa zamu yako ni jirani anayesubiri ya kwake akiwa amesimama na jembe. Sijui mfumo mwingine wa umma wa ukubwa huu ambao umekabidhi usimamizi wake kwa wivu wa watu wa kawaida ukafanya kazi zaidi ya karne moja.

Udhaifu wake unajulikana pia. Muda sawa hauwi maji sawa, maana aliye mkiani hupokea kilichobaki baada ya mtaro kunywa. Mogha hutanuliwa usiku, na kingo hukatwa. Tope nalo huvuruga hesabu: likijaa mferejini, usawa wa maji hupanda upande wa kichwani, mogha za pale huchota zaidi ya haki yake, na wa mkiani hulia. Mhandisi R. G. Kennedy aliyefanya kazi kwenye Upper Bari Doab alichapisha mwaka 1895 kanuni ya mwendo wa maji ambao haukwangui mfereji wala kuacha tope, na vizazi vya wahandisi duniani vimeifundishwa. Lakini kanuni haichimbui tope. Kazi hiyo inataka fedha za matengenezo, na idara inayotoza tozo ndogo ya maji isiyokusanywa kikamilifu haina fedha hizo.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba maji ya warabandi hufuata kalenda wala hayaulizi hali ya shamba. Kwa kilimo cha zamani jambo hilo lilivumilika. Kwa kile kilichokuja baadaye halikuvumilika.

Mwaka 1947 mpaka wa India na Pakistan, uliochorwa na Mwingereza Radcliffe, uliikata Punjab vipande viwili. Wakulima Masingasinga na Wahindu waliokuwa wameyajenga makoloni ya mifereji magharibi walirudi mashariki wakiwa wakimbizi, wakapewa ardhi pungufu na maji pungufu. India mpya ikawajengea Bhakra, bwawa lenye ukuta wa mita 226 hivi kwenye Sutlej. Mifereji yake ilifunguliwa na waziri mkuu Nehru mwaka 1954 na bwawa lenyewe likazinduliwa Oktoba 1963. Miaka mitatu baadaye zikaingia mbegu fupi za ngano kutoka Mexico, zilizokula mbolea nyingi na kutaka maji kwa siku maalumu. Ukikosa kuzinywesha wakati mzizi wa pili unachipua, umepoteza sehemu ya mavuno, hata kama zamu yako ni wiki ijayo.

Hapo ndipo pampu ilipoingia. Mwaka 1970/71 Punjab ilikuwa na visima vya pampu kama 192,000. Leo vinakaribia milioni 1.4. Serikali kuu ilinunua ngano na mpunga kwa bei iliyotangazwa kabla ya msimu, na mpunga, zao ambalo hapa halikuwa chakula cha watu, ukatanda kutoka karibu hekta 230,000 mwaka 1960/61 hadi zaidi ya hekta milioni 3. Kisha mwaka 1997 jimbo likawapa wakulima umeme wa pampu bure. Jaruba la mpunga linalotaka kusimamisha maji wiki kwa wiki katika joto la Juni lisingepata kuwepo kwa mogha iliyokatwa kwa ajili ya dengu. Kisima kiliwezesha, na hakina zamu.

Matokeo yameandikwa kila mahali. Maji yanayochotwa ardhini Punjab yanazidi asilimia 150 ya yale yanayorudi kila mwaka, na katika maeneo ya utawala takriban 150 ya jimbo, zaidi ya 110 yamewekwa kwenye orodha ya yaliyonyonywa kupita kiasi. Ila swali ambalo halielezwi vya kutosha ni hili: hicho kinachorudi kinatoka wapi? Mvua huleta sehemu ndogo. Sehemu kubwa inatokana na mifereji inayovuja, mitaro ya khal ya udongo, na majaruba yenyewe yanayopenyeza maji chini. Kwa maneno mengine, kisima cha Punjab ya kati kinakunywa mfereji kwa mlango wa nyuma. Mkulima wa kando ya Sirhind Canal ambaye zamu ya mwisho aliyoipokea hata haikumbuki bado anamwagilia maji ya Sutlej. Yamemfikia kwa kupita kwenye mchanga, na anayapata saa anayotaka.

Katika lugha ya idara, maji hayo ni hasara. Kitabu cha mhandisi kinahesabu kilichoingia banioni na kilichotoka kwenye mogha, na tofauti yake inaandikwa kuwa imepotea. Tiba yake ni kusakafia: unatandika matofali au zege chini na kandoni, maji yasitoroke. Mabilioni ya rupia yametumika hivyo, na kila serikali hujivunia kilomita ilizosakafia. Katika ukanda wenye maji matamu chini ya ardhi, kama Ludhiana au Moga, hesabu hii imepinda. Hapo zege linachukua maji kwa wenye visima na kuyapeleka kwa aliye mkiani. Huenda huo ni uamuzi wa haki, kwa sababu wa mkiani ameonewa miaka mingi. Lakini usiitwe kuokoa maji, maana hakuna tone jipya lililopatikana.

Kusini magharibi mambo yanageuka. Muktsar, Fazilka na sehemu za Bathinda zimelala juu ya maji ya chumvi. Kisima hapo hakifai, kwa hiyo machungwa ya kinnow na pamba vinaishi kwa mfereji tu, na maji yakivuja hayachotwi na mtu. Yanapanda taratibu mpaka yafike mizizini, yakibeba chumvi, na mashamba yanageuka matope meupe; watu wa huko huiita sem. Muktsar imeishi na balaa hilo kwa miongo kadhaa, ikichangiwa na mifereji miwili mikubwa inayopita sambamba kutoka banio la Harike, Sirhind Feeder na ule unaopeleka maji Rajasthan. Huku kusakafia ni tiba kweli. Kitendo kilekile, zege lilelile, kinamfaa mmoja na kumdhuru mwingine umbali wa saa mbili kwa gari, na mpango wa jimbo usiotenganisha kanda hizi utakosea kila unapopatia.

Kati ya kanda hizo mbili ndipo penye somo. Wakazi wa Faridkot walipinga kusakafiwa kwa zege kwa mifereji hiyo pacha. Hoja yao ilikuwa kwamba uvujaji wa miaka mingi umetandaza tabaka jembamba la maji matamu juu ya yale ya chumvi, na pampu za mkono za kando ya mfereji zinachota tabaka hilo kwa ajili ya kunywa. Walitaka matofali, yanayopitisha kidogo. Ofisini hoja hii inaonekana ya watu wasiojua uhandisi. Kwangu mimi, hao ndio waliokuwa wameelewa mfereji unafanya nini hasa.

Nisitie chumvi upande huu pia. Maji yanayorudi kupitia kisima yanapandishwa kwa umeme, na umeme wa bure unalipwa na hazina ya jimbo lililo na madeni mazito. Kadiri kina kinavyoshuka ndivyo pampu inavyotakiwa kuwa kubwa, na mkulima mdogo asiyeweza kuchimba upya hununua maji kwa jirani aliyeweza. Uvujaji si zawadi kwa wote. Aidha, kinachovuja kinavuja na uchafu wake: Buddha Nullah, mkondo unaopokea maji machafu ya viwanda vya Ludhiana, unaingia Sutlej juu ya Harike, na kutoka Harike maji hayo yanakwenda kwenye vijiji vya kusini ambavyo havina mengine ya kunywa.

Turudi kwenye ugomvi wa wanasiasa. Aprili 1948 India ilifunga maji ya mifereji iliyokuwa ikivuka kwenda Pakistan, na ilichukua hadi Septemba 1960 kwa Nehru na rais wa Pakistan, Ayub Khan, kutia saini mkataba wa Indus uliosimamiwa na Benki ya Dunia, India ikipewa Ravi, Beas na Sutlej. Ndani ya India, mwaka 1955 maji ya ziada ya Ravi na Beas, eka-futi milioni 15.85, yalikuwa yamegawanywa: milioni 8 Rajasthan, milioni 7.2 Punjab, 0.65 Kashmir. Punjab ilipomegwa mwaka 1966 na Haryana kuzaliwa, fungu hilo likagombewa. Mwaka 1982 waziri mkuu Indira Gandhi alizindua uchimbaji wa Sutlej-Yamuna Link kijijini Kapuri. Chama cha Masingasinga, Akali Dal, kikaanzisha maandamano yaliyotangulia miaka ya damu ya uasi jimboni. Kiongozi wake, Harchand Singh Longowal, alikubaliana na waziri mkuu Rajiv Gandhi Julai 1985 kwamba mfereji umalizike, na mwezi uliofuata akauawa. Mwaka 2004 Punjab ilitunga sheria ya kufuta mikataba yake yote ya maji. Mahakama ya Juu ikasema mwaka 2016 kwamba sheria hiyo ni batili. Mwaka 2025 Haryana ilidai futi 8,500 za ujazo kwa sekunde kutoka Bhakra, Punjab ikashikilia 4,000 na kupeleka polisi kulinda bwawa la Nangal. Mwaka huohuo India ilisimamisha mkataba wa Indus baada ya shambulio la Pahalgam huko Kashmir, na Agosti mafuriko yakang'oa baadhi ya malango ya banio la Madhopur.

Punjab ina hoja ya haki: Rajasthan haimo katika bonde la mito hii, na bado ndiyo yenye fungu kubwa. Haryana nayo ina hoja, kwamba ilikuwa Punjab wakati mabwawa yakijengwa. Lakini pima ukubwa. Haryana ingepewa kila futi inayoidai au Punjab ingebaki nayo yote, shimo linalochimbwa chini ya ardhi halingezibika, kwa kuwa limechimbwa na mpunga. Punjab ilijaribu kugusa pembeni mwaka 2009 kwa sheria ya kukataza kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10, ili miche ikutane na mvua. Ilisaidia kiasi, ila mavuno yakasogea hadi mwisho wa Oktoba, mkulima akabaki na siku chache kabla ya kupanda ngano, na njia ya haraka ya kuondoa mabua ni kiberiti. Moshi wake unafika Delhi.

Mwaka 2018 jimbo lilianza kumlipa mkulima rupia 4 kwa kila uniti ya umeme asiyoitumia kwenye pampu. Ni wazo zuri: kwa mara ya kwanza maji ya kisima yana kipimo, kitu ambacho mogha imekuwa nacho tangu enzi za babu. Mahindi, ambayo yangeweza kushika nafasi ya mpunga, pia yana bei iliyotangazwa na serikali, lakini ni nadra serikali kufika sokoni kuyanunua. Rupia 4 hizo zinashindana na gunia la mpunga ambalo mnunuzi wake anajulikana kabla halijapandwa.